Mama Futi na Sentimita Ishirini

Umewahi kumwita mtu mwongo mbele ya watu sitini, kumbe mwongo ni wewe mwenyewe uliyesimama ukimnyooshea kidole?

Mimi nimewahi. Niliyemwita hivyo ni fundi cherehani wa pale darajani, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, ambaye watu wa kingo zote mbili za mto humwita Mama Futi. Maisha yake yalistahili kuandikwa na mtu mwenye mikono misafi kuliko yangu. Lakini aliyelichafua jina la mwenzake ndiye anayepaswa kuinama kwanza kwenye karai, na ndiyo maana nimeinama.

Nyumba yake ni ya mwisho kabla ya daraja. Ina baraza la saruji lililopasuka kona moja, cherehani cheusi cha kukanyaga, meza ya kukatia iliyojaa alama za chaki, na kamba ya nguo zinazosubiri wenyewe. Aliletwa hapo akiwa bibi harusi. Mama mkwe wake, fundi mkali asiyecheka na mkasi, alimfundisha kazi miaka mitatu mizima kabla ya kumruhusu aguse kitambaa cha mteja. "Kitambaa hakina samahani," alikuwa akimwambia. "Ukishakata, umekata." Mumewe ni fundi baiskeli, mtu wa maneno machache, na katika hayo machache mengi ni utani. Watoto wao wawili wamekua na kila mmoja ana mji wake.

Alivyoingia kwenye kazi ya mto ni kichekesho, nami nilisimuliwa na kila mtu kabla hata sijamwona kwa macho. Inabidi kwanza nieleze mto wenyewe. Unapita katika halmashauri tatu. Ya juu ina mashamba na mfereji mkubwa. Ya kati ina daraja, soko na ofisi yetu. Ya chini ina mji wenye watu wengi kuliko wote, nao hunywa kile ambacho wengine wamebakiza. Mwaka mmoja wa kiangazi watu wa juu na wa chini walipigana kwa majembe kwenye lango la mfereji, na mtu akapoteza jicho. Hapo ndipo wakubwa wa halmashauri tatu walipokaa meza moja na kuandikiana mkataba. Kiini chake ni kifupi. Maji yakishuka chini ya sentimita themanini pale darajani, mfereji wa juu unafungwa siku nne kwa wiki, Jumanne hadi Ijumaa, ili mji wa chini upate maji. Yakiwa themanini au zaidi, lango linabaki wazi. Amani ya watu wote hao ilisimama juu ya namba moja, inayosomwa na mtu mmoja, mara mbili kwa siku.

Msomaji wa kwanza alikuwa akiusoma mto akiwa kilabuni. Wa pili alijaza daftari la wiki nzima kila Jumatatu, mpaka siku mvua ilipomwumbua. Karani mzee wa kamati ya mkataba huo, akiwa amekata tamaa, alipitia kwa Mama Futi kupunguziwa suruali. Alipimwa mara moja tu.

"Baba, mguu wako wa kushoto ni mfupi kwa sentimita moja na nusu," akaambiwa.

"Nani kasema? Nimetembea nao miaka hamsini!"

"Ndiyo maana viatu vyako vinalika upande mmoja. Tazama soli."

Karani akavua kiatu, akatazama, akakivaa tena. Kisha akasema, "Kesho njoo ofisini."

Hiyo ilikuwa miaka kumi na mmoja iliyopita. Tangu siku ile, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, Mama Futi huacha alichoshika, hushuka ngazi za mawe chini ya daraja na kusimama mbele ya ubao wa kupimia maji uliofungwa kwenye nguzo. Hasomi papo hapo. Maji ya mto hucheza, yanapanda na kushuka, na mwenye haraka husoma anachokitaka. Yeye hungoja pumzi kumi, anashika kimo cha juu cha wimbi na cha chini, kisha anachukua katikati. Anaandika kwa penseli, anahakiki, ndipo anapitishia wino. Wapita njia humchokoza kutoka juu.

"Mama Futi, mto umenenepa?"

"Umekonda kiunoni. Kesho naupunguzia sketi."

Nasikia siku aliyomzika mama mkwe wake alitoka msibani mara mbili, asubuhi na jioni, akashuka na nguo zake za msiba, akasoma, akarudi kulia.

Mimi nilikuja mwaka jana. Nilitoka chuoni na shahada ya usimamizi wa maji, na kifuani nilikuwa na moto ambao bado siuonei haya. Niliamini, na bado naamini, kwamba halmashauri zinazogombania mto ni kama ndugu wanaogombania titi la mama mgonjwa. Niliajiriwa kuwa katibu wa kamati ya pamoja ya bonde baada ya karani mzee kustaafu. Siku ya makabidhiano alinipa jalada nene lililofungwa kwa uzi na kuniambia, "Bwana mdogo, kila kitu kimo humu. Lisome pole pole, kama unakula samaki mwenye miiba."

Nilimshukuru, nikaliweka juu ya kabati. Kwangu yale yalikuwa makaratasi ya enzi za wino. Mimi nilikuja na kompyuta. Kwa wiki mbili nilitengeneza jedwali ambalo nililiita Mfumo, na wote ofisini wakaliita hivyo. Lilikuwa na safu tatu: tarehe, saa, kimo cha maji. Kila Ijumaa Mfumo ulitoa taarifa ya wiki na kuzipelekea halmashauri zote, na mlinzi wa lango la juu alifungua au kufunga kwa kuifuata. Wenyeviti wa halmashauri walinisifu. Mmoja alinibatiza Kijana wa Mfumo, na mimi nikatembea mjini kifua mbele.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kosa. Daftari la Mama Futi lilikuwa na safu nne. Ya nne iliitwa Maelezo. Sikuiweka kwenye jedwali langu kwa sababu niliona maelezo ni porojo. Namba ndiyo sayansi.

Kiangazi kilikuja mapema. Mwezi wa pili wake Mama Futi alipiga hodi ofisini, futi ikiwa bado inaning'inia shingoni. Nilikuwa naandaa hotuba ya ugeni fulani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza. Mto umeshuka sana, mbona sijasikia lango la juu kufungwa?"

"Mfumo haujaonyesha hivyo, mama."

"Ile ishirini ninayoandika pembeni unaiona?"

Sikujua ishirini ipi. Ningeweza kuuliza. Neno lenyewe ni jepesi: ipi? Lakini kijana wa chuo kumwuliza fundi cherehani jambo la kimo cha maji, nililiona ni kujivua nguo. Nikasema, macho yakiwa kwenye kioo cha kompyuta, "Nimeiona, mama. Usiwe na wasiwasi."

"Umeiona kweli?"

"Nimeiona."

"Basi sawa. Wenye elimu mna njia zenu." Akaniaga, akaenda zake.

Huo ndio uongo ninaouzungumzia. Ulichukua muda mfupi kuliko kufunga kifungo.

Wiki sita zilipita. Mji wa chini mabomba yalitoa kohozi la matope, kisha yakanyamaza. Zahanati yao ilianza kuletewa maji kwa mkokoteni. Wanawake walichimba mchanga wa mto kwa bakuli. Nilikwenda kuona kwa macho yangu, nikarudi nimevimba kwa hasira. Taarifa zetu zilionyesha tisini na tano pale darajani, tisini na tatu, tisini na mbili. Maji ya kutosha! Yanapotelea wapi, basi? Nililinganisha na vipimo vya mji wa chini na nikaona haviwezi kukutana. Mtu mmoja alikuwa anadanganya. Na hapo mhudumu wa ofisi, akinimiminia chai, akaniambia jambo ambalo kila mtu alilijua isipokuwa mimi: mlinzi wa lango la juu ni kaka yake Mama Futi, tumbo moja.

Niliona kila kitu kimefunguka. Dada anakuza namba ili kaka asifunge lango, na wakulima wa juu waendelee kumwagilia. Sikulala kwa furaha ya mtu aliyekamata mwizi.

Kikao cha dharura kilifanyika Jumatano katika ukumbi wa halmashauri ya kati. Watu sitini, madirisha wazi, wengine wamesimama nje wakichungulia. Kule mbele walikaa wenyeviti watatu. Wa chini ni muuguzi mstaafu, mama mwembamba asiyepaza sauti. Wa juu ni mkulima ambaye hata akinong'ona mnasikia nje. Wa kati, mwalimu wa zamani, aliongoza kikao. Mama Futi aliitwa bila kuambiwa sababu. Alivaa gauni lake zuri, akidhani labda anapongezwa kwa miaka kumi na mmoja. Hilo nililijua baadaye, kutoka kwa mumewe, na natamani nisingelijua.

Nilisimama. Nilionyesha michoro yangu ukutani. Kisha nikamgeukia.

"Mto hauna kaka!" nikasema. "Mto hauna dada! Watoto wa mji wa chini wanakunywa matope kwa sababu mtu mmoja ameamua kumfanyia hisani ndugu yake. Mama huyu ametuuzia uongo asubuhi na jioni!"

Ukumbi ulilipuka. Walinipigia makofi, na makofi yale yaliniingia kama maji ya baridi kwa mtu mwenye kiu. Mama Futi alisimama. Hakulia, wala hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu, soma daftari lote."

"Nimelisoma."

"Soma lote."

"Nimelisoma lote, mama. Ndiyo maana tuko hapa."

Mwenyekiti wa kati akagonga meza. Ikaamuliwa asimamishwe, akabidhi madaftari yake, na kaka yake aonywe kwa maandishi. Watu wa chini walimzomea mlangoni. Mmoja alisema, "Katupima wote sanda huyu!" Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Alileta madaftari kesho yake, yote ya miaka kumi na mmoja, yamefungwa kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa pindo. Aliyaweka mezani, hakunitazama. Nilikuwa na kazi ya kuandika ripoti ya ushahidi, nikafungua la karibuni ili ninukuu ushenzi wake.

Safu ya kimo: 95. Safu ya maelezo: *toa 20*.

Siku iliyofuata: 95, toa 20. Jioni: 94, toa 20. Nikageuza ukurasa. Toa 20. Nikageuza mwingine, nikafungua na madaftari ya nyuma. Kila siku, kila asubuhi na jioni, kwa mwandiko ule ule ulionyooka kama mshono, mwanamke yule alikuwa ameandika maneno yale yale kwa miaka minne, hata mara moja hakuandika "kama juu" ili kujipumzisha mkono. Nilipanda kiti, nikashusha jalada la karani mzee, nikafungua uzi. Azimio namba kumi na nne lilikuwa na mistari mitano. Mafuriko yalipong'oa ubao wa zamani, ubao mpya ulifungwa haraka haraka, ukakaa sentimita ishirini chini ya mahali pake, kwa hiyo kila kinachosomwa kinazidi kwa ishirini. Halmashauri tatu zilishindwa kukubaliana ni ipi itume fundi wa kuurekebisha, maana nguzo iko mpakani: huyu anasema ni ya yule, yule anasema ni ya huyu. Hivyo wakaazimia, kwa pamoja na kwa kauli moja, ubao ubaki ulivyo, msomaji aandike namba anayoiona na aweke maelezo ya kutoa ishirini, na karani atoe. Karani mzee alitoa ishirini kila siku kichwani, kama mtu anavyovua kofia akiingia ndani. Wajumbe waliopitisha azimio lile walikuwa wameshaondoka na uchaguzi.

Tisini na tano toa ishirini ni sabini na tano. Lango lilitakiwa kufungwa wiki sita zilizopita. Aliyelizuia lisifungwe alikuwa mimi.

Ningependa kukuambia kwamba niliinuka nikakimbia hadi darajani. Sikuinuka. Nilirekebisha jedwali kimya kimya, nikaandaa taarifa mpya inayoonyesha sabini na moja, na chini yake nikaandika kwamba "kufuatia kuondolewa kwa msomaji, vipimo sasa ni sahihi." Niliiandika sentensi hiyo kwa vidole hivi. Lango likafungwa wiki iliyofuata, mji wa chini ukapata maji, nami nikapigiwa simu za pongezi. Nilikaa na siri hiyo siku tisa. Nilijiambia nalinda kamati: nikisema nimekosea, nani atauamini Mfumo tena? Kila mwoga ana sababu yake nzuri, na yangu ilikuwa na michoro.

Katika siku hizo tisa shule iliyokuwa imempa Mama Futi kazi ya sare iliuchukua mzigo wake wa vitambaa. Mama mmoja alikuja kuchukua gauni ambalo halijamalizika, mikono haijatiwa, akasema atalivaa hivyo hivyo. Nilikuwa nikipita barabara ya nyuma ili nisipite darajani. Siku ya tisa baiskeli yangu ilikatika mnyororo, na fundi wa baiskeli ni mmoja tu, kando ya baraza la Mama Futi.

Mumewe aliinama kwenye mnyororo muda mrefu. Mwishowe akasema, "Unajua, bwana mdogo, mke wangu bado anaamka. Saa moja anasimama mlangoni. Halafu anakumbuka, anakaa." Akakaza nati. "Tayari. Usikanyage kwa hasira, mnyororo ni mzee."

Niliiacha baiskeli pale pale na kupanda barazani. Alikuwa amekaa mbele ya cherehani, hana kitambaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, tangu ile "nimeiona" hadi ile sentensi ya "vipimo sasa ni sahihi". Nilimaliza kwa kusema, "Nimekuja kukuomba radhi, mama."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wewe ulinivua nguo ukumbini, mchana, madirisha wazi. Sasa umekuja kunivisha hapa kibarazani, tukiwa wawili. Huo ushonaji gani?"

Alipangusa chaki mezani kwa kiganja, akaendelea.

"Mimi sikuhitaji unipende. Wala sikuhitaji unisifu. Nilikuambia neno moja tu: soma. Mtoto wa watu, umesoma mpaka chuo, ukashindwa kusoma mstari wangu?"

"Nitasema ukumbini, mama. Mbele yao wote."

"Utasema au utatoa michoro?"

"Nitasema."

"Na kaka yangu usimsahau. Kule juu wanamwita mwizi aliyepewa kulinda lango. Ana wajukuu wanaosikia." Alichukua chupa ya mafuta ya cherehani, akatia tone moja kwenye gurudumu ambalo halikuwa na kazi ya kufanya. "Haya, nenda. Usinililie hapa, utanilowanishia meza."

Kikao cha pili kilikuwa Jumatatu. Nilikwenda bila kompyuta, na daftari moja mkononi. Mama Futi hakuja, alisema hana nguo ya kuvaa ya mara ya pili. Kaka yake alikuja, mwanamume mfupi mwenye mabega mapana, akakaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, kofia magotini.

Nilisoma ukurasa mmoja wa daftari kwa sauti, safu zote nne, mstari kwa mstari. Nikasoma azimio namba kumi na nne. Nikasema, "Mama huyu hajawahi kudanganya. Aliniuliza kama nimeiona ishirini yake, nikasema nimeiona, na sikuwa nimeiona. Mlinzi wa lango hana kosa, alifuata taarifa niliyomtumia. Mwongo wa kamati hii ni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi, na sikutarajia. Mtu wa nyuma akasema, "Kwa hiyo tumekunywa matope kwa sababu ya safu?" Kicheko kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko zomeo lolote.

Mama muuguzi, mwenyekiti wa chini, alinitazama bila hasira, na hilo lilinimaliza. "Wiki sita, kijana," alisema. "Mimi niliwaambia watu wangu wamchukie mwanamke yule. Sasa nirudi niwaambie nini?"

Lakini mwenyekiti wa juu alikuwa ameshasimama. "Mimi nitakuambia uwaambie nini! Waambie watu wa juu walitukanwa wezi kwa wiki nzima, na sasa wanaambiwa samahani, ilikuwa kompyuta! Basi na sisi tunasema samahani. Kuanzia leo hatuitambui taarifa ya ofisi hii. Lango ni letu. Anayetaka kulifunga aje na majembe yake, kama zamani!"

Viti vilisogea. Mwenyekiti wa kati aligonga meza mpaka kikombe kikaanguka. Nikasema kwamba najiuzulu, na kwamba mkataba usiwafie kwa ajili yangu. Mwalimu yule wa zamani akanigeukia: "Kaa chini! Ukishachafua ubao hukimbii darasa. Utafuta." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akasema kamati inamrudisha msomaji wake kazini kwa barua ya kuomba radhi, nami niipeleke mwenyewe. Kikao kikavunjika bila jibu kuhusu lango. Nilipogeuka kumtafuta yule kaka, kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Niliipeleka barua jioni ile ile. Mama Futi aliisoma mara mbili, mstari kwa mstari, kidole kikitembea chini ya maneno. Aliniuliza kama mto nimeusoma siku hizi. Nikasema nimeusoma. "Umengoja pumzi kumi?" Nikasema hapana. Alikunja barua, akaingia nayo ndani, na hakusema kama anarudi kazini au harudi.

Asubuhi iliyofuata, Jumanne, niliwahi pikipiki kwenda juu. Nilijua kwamba kwa namba ya kweli lango lilitakiwa kufungwa asubuhi hiyo, na kwamba hakuna mwenyekiti aliyetoa amri. Nilitaka kuwa pale, hata kama ni kwa kupigwa.

Wakulima kama ishirini walikuwa wamesimama kando ya mfereji, wengine na majembe, wengine na ndoo. Kaka yake Mama Futi alikuwa juu ya kile kijukwaa cha chuma, mikono yake yote miwili juu ya usukani wa lango, bado hajauzungusha. Alikuwa anatazama simu aliyoiweka kwenye ukingo. Ikafika saa moja, saa ya kusoma mto. Ikapita kidogo. Simu ikalia mlio mfupi. Akainama, akasoma, akaitia mfukoni.

"Sitini na tisa," akasema kwa sauti, na kuanza kuzungusha.

"Unafunga kwa amri ya nani?" akauliza mkulima mmoja kijana, akisogea. "Mwenyekiti amesema hatuitambui ofisi!"

"Sijapata kitu cha ofisi."

"Sasa hiyo namba ni ya nani?"

"Ya dada yangu."

"Dada yako huyo huyo?"

"Huyo huyo," alisema, wala hakuacha kuzungusha. "Una namba nyingine wewe? Itoe nizungushe kwa hiyo."

Yule kijana aliwatazama wenzake. Hakuna aliyekuwa na namba nyingine. Mama mmoja mzee alitema mate kando, akatumbukiza ndoo yake haraka kwenye maji yaliyobaki, na wengine wakamfuata, wakisukumana na kulalamika. Majembe yaliwekwa chini ili mikono ipate kushika ndoo. Chuma kililia, kikashuka, na mfereji ukaanza kupungua kwa sauti ya mtu anayemalizia kikombe cha uji. Nilipiga hatua kwenda kumsaidia mzunguko wa mwisho, ulio mzito. Alinizuia kwa kiganja, bila ukali, kama unavyozuia mlango usijifunge.

Mkataba wetu una kifungu kwamba siku za kufunga, ufunguo wa kufuli la lango hukaa na mlinzi wa maji wa mji wa chini. Mlinzi huyo alifika wakati huo, amevimba macho kwa safari ya baiskeli. Ndiye aliyesema ule utani wa sanda pale mlangoni, nami nilimkumbuka kwa sababu nilicheka. Alisimama chini ya kijukwaa akihamisha uzito mguu hadi mguu.

Kaka alipiga kufuli, akalivuta mara mbili kuhakikisha, akashuka. Alimnyooshea ufunguo. Yule bwana akaupokea kwa mikono miwili na kusema, "Kaka, mimi siku ile..."

"Jumamosi, kabla ya jua kuwa kali," kaka akamkatiza. "Usichelewe kunirudishia, mboga za watu zitakauka." Akavaa kofia yake, akatupita sote wawili, akashika njia ya nyumbani.